Mwamba Ambao Haujaharibiwa: Juu ya Ulimwengu wa Kimya wa Cousteau

Kitabu cha Jacques-Yves Cousteau na mwenzake Frédéric Dumas kilichotoka mwaka 1953, pamoja na sinema iliyochukua jina lake mwaka 1956, vimezaa kazi nyingi za aina moja. Aina hiyo ina mwendo wake unaojulikana. Chombo hung'oa nanga. Bandari hupotea nyuma. Siku hupita na maji matupu. Kisha kisiwa huchomoza, hakina moshi wala paa la nyumba. Wazamiaji huvaa mitungi yao na kushuka katika mwamba ambao, kwa madai ya msimulizi, haujapata kuonwa na jicho la mwanadamu. Kila aandikaye juu ya safari za matanga na mbizi katika miamba ya mbali huufuata mwendo huo, ajue asijue. Kwa hiyo asili yake yastahili kupimwa kama ipimwavyo kazi yoyote ya sanaa: kwa yale inayoyaonyesha, kwa yale inayoyaficha, na kwa maneno inayoyaegemea.

Kitabu na sinema havifanani sana kwa yaliyomo. Kitabu, kwa sehemu kubwa, ni habari za Bahari ya Mediterania: majaribio ya mtungi wa hewa uliobuniwa na Cousteau pamoja na mhandisi Émile Gagnan wakati wa Vita vya Pili, merikebu zilizozama, hofu na ulevi wa vilindi. Sinema ndiyo inayosafiri mbali. Chombo chake, Calypso, kilikuwa meli ya kufagia mabomu ya baharini wakati wa vita, kikawa kivuko huko Malta, kisha kikanunuliwa na tajiri wa Kiingereza aliyempangisha Cousteau kwa faranga moja kwa mwaka. Mshirika wake katika kuiongoza sinema alikuwa Louis Malle, kijana wa miaka 23 tu ilipotokea. Mwaka 1956 ilipata tuzo kuu ya tamasha la Cannes, na mwaka uliofuata ikapata Oscar. Njia yake ilikuwa Bahari ya Sham, kisha Bahari ya Hindi, hata Assumption, kisiwa kidogo jirani ya Aldabra, kaskazini ya Bukini.

Uzuri wake haufai kunyimwa haki. Wazamiaji wanaposhuka mwanzoni, kila mmoja na mwenge wake unaowaka chini ya maji na kutoa mapovu kama moshi, mtazamaji haoni hila za wapiga picha. Huona watu wakishuka mahali pasipo na sakafu. Mwanga unaeleweka, rangi zimechaguliwa, na mwili wa binadamu, uliozoewa kuonekana mzito na wima, waonekana mara ya kwanza ukielea kwa raha kama jani. Watu wengi walioipenda bahari baada ya hapo walianzia katika picha hizo. Sinema mbaya haihitaji kuhakikiwa kwa bidii. Hii yaihitaji kwa sababu ni nzuri.

Jina lenyewe ndilo la kwanza kuleta mashaka. Ulimwengu wa kimya ni maneno matamu, lakini mwamba ulio hai si kimya. Kamba wadogo hualika magando yao usiku na mchana hata mwamba wote ukawa kama kikaango cha mafuta, chewa hunguruma, kangu hung'ata matumbawe kwa meno na mlio wake husikika mbali. Wataalamu wa siku hizi wamethibitisha kwamba watoto wa samaki, waliochukuliwa na mikondo wakiwa bado mayai, huufuata mlio huo ili warudi mwambani, na kwamba mwamba ulioharibika hupungua sauti. Hivyo kimya, kwa hakika, ni dalili ya mauti. Cousteau aliuita ulimwengu ule wa kimya kwa kuwa mtu aliyeingia humo hakuweza kusema. Ni jina la hali ya mgeni, likavikwa mwenyeji.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu nyingine ya kusita. Yeye amezoea kusikia kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa, naye akiitazama sinema hii hangoji sana. Katika sehemu moja mabaharia wa Calypso wanatega baruti mwambani na kuilipua. Samaki waelea kwa mamia, wengine wazama. Bunju mmoja aliyevimba aletwa ufukoni akinywea polepole mbele ya kamera. Msimulizi aeleza kwamba uvuvi wa baruti ni uharibifu, ila kwa mtaalamu atakaye kuhesabu aina zote za samaki wa mahali pamoja hakuna njia nyingine. Inafaa kuitazama hoja hii kwa utaratibu, maana ndiyo nguzo ya aina nzima ya maandishi haya. Tendo ni moja, baruti ni moja, matumbawe yaliyovunjika ni yale yale. Kinachotofautiana ni nani aliyetenda na kwa nia gani. Mvuvi akilipua, mwamba umeharibiwa. Msafiri akilipua, mwamba umechunguzwa. Katika pwani ya Tanzania, ambako sheria ilikataza baruti tangu mwaka 1970 na bado ikalia kwa miaka mingi baada yake, hakuna aliyewahi kuliona tumbawe likiuliza nia ya mlipuaji kabla ya kuvunjika.

Sehemu ya papa ni mbaya zaidi, na kisanaa ndiyo yenye nguvu kupita zote. Calypso yaingia katika kundi la nyangumi. Mtoto wa nyangumi akatwa na rafadha ya chombo. Mabaharia wamwua ili kumkomesha maumivu. Papa waja kumla. Ndipo mabaharia, kwa hasira ambayo msimulizi aisimulia kama jambo la kawaida, wawavuta papa sitahani na kuwapiga kwa mashoka. Yaonekana kana kwamba papa ndio waliomwua mtoto yule. Hadithi ilihitaji mkosaji, na rafadha haiwezi kuwa mkosaji, kwani ndiyo iliyowaleta wasimulizi. Mwaka 2015 Gérard Mordillat, mwandishi na mtengenezaji wa sinema wa Ufaransa, aliishambulia kazi hii vikali kwa mambo kama hayo. Wako waliomjibu kwamba watu wa mwaka 1956 hawakuwa na macho ya mwaka 2015. Jibu hilo lina ukweli, lakini halifiki mbali, maana sinema yenyewe inakiri kwamba baruti ni uharibifu. Macho yalikuwapo, yaliangalia upande mwingine.

Katika mambo haya mazito kuna kipande kimoja chepesi kinachosema mengi kuliko vyote. Huko Assumption wazamiaji walimkuta chewa mkubwa asiyewaogopa. Walimlisha, akawazoea, akawafuata kila waendako, hata wakacheza naye dansi kwa muziki. Lakini uroho wake uliwaharibia kazi: walipotaka kuwapiga picha samaki wengine wakila, yeye alijitia katikati. Basi wakamfungia katika kizimba kilichotengenezwa kuwakinga wazamiaji na papa, akakaa humo akiwatazama wenzake wakilishwa. Watazamaji hucheka, na wana haki ya kucheka. Hata hivyo huyu ndiye mwenyeji pekee wa mwamba aliyepewa tabia na jina katika kazi nzima, na kosa lake lilikuwa kufanya nyumbani kwake kile alichofundishwa na wageni.

Jina lake lastahili aya yake peke yake. Katika sinema ya Kifaransa huitwa Jojo, jina la mtaani, la kirafiki. Katika kitabu cha mwaka 1963 ambacho Cousteau alikiandika pamoja na James Dugan, chewa yule yule aitwa Ulysses. Kila mwanafunzi wa fasihi amjua Ulysses: ni mtu wa safari, aliyepotea baharini miaka kumi akitafuta njia ya kurudi kwao. Samaki aliyezaliwa mwambani na asiyetoka mwambani akapewa jina la msafiri, na wasafiri wenyewe, waliotoka Toulon, wakajifanya wenyeji wa pale wampokeao. Huenda mwandishi alitaka kuchekesha tu. Lakini mzaha wa mwandishi mara nyingi hufungua mlango ambao hoja zake zimeufunga.

Sasa kisiwa chenyewe. Sinema yamleta mtazamaji Assumption kama mahali pa pembeni mwa dunia, ambapo maji ni safi na samaki hawajajua hofu. Chini ya maji hayo ilikuwa kweli. Juu ya nchi kavu mambo yalikuwa mengine kabisa. Tangu mwanzo wa karne ya 20 kisiwa kile kilichimbwa samadi ya ndege kwa ajili ya mashamba ya mbali; vibarua wa Shelisheli waliishi pale, wakakwangua udongo hata mawe yakabaki uchi. Ndege mmoja mkubwa wa baharini, aliyeelezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza kutokana na mfano uliochukuliwa Assumption mwaka 1892, alitoweka kisiwani na siku hizi huzaa katika kisiwa cha Christmas peke yake, upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Kobe wakubwa wa asili wa Assumption walikuwa wamekwisha kabla Calypso haijatia nanga. Yote hayo yalikuwa umbali wa hatua chache kutoka mahali Jojo alipocheza dansi. Kamera haikusema uongo. Iliinamishwa tu chini ya maji, na ukingo wa picha ukafanya kazi ya uongo.

Calypso nayo haikuwa ngeni katika mambo ya dunia. Mwaka 1954 ilikodiwa kuchunguza sakafu ya bahari karibu na Abu Dhabi kwa ajili ya utafutaji wa mafuta, na mwaka 1958 mafuta yalipatikana katika maji hayo. Malipo ya kazi kama hiyo ndiyo yaliyosaidia safari za uzuri. Jambo hili si aibu; mwandishi hula kama watu wengine. Ila linaonyesha kwamba mwamba wa mbali na kisima cha mafuta vilitembelewa na chombo kimoja, kwa mabaharia wale wale, kwa mitungi ile ile.

Hapa ndipo lugha inapoingia, na ndipo mfasiri wa Kiswahili anapopata taabu yenye faida. Kifaransa na Kiingereza zina vivumishi vinavyosifu mahali kwa kukana: bila doa, bila kuguswa, bila kuharibiwa. Vivumishi hivyo husimama kama sifa za kudumu, mfano wa weupe au urefu. Kiswahili hakina kivumishi cha namna hiyo kilicho tayari. Mfasiri hulazimika kutumia kitenzi, na kitenzi kina wakati na kina mtenda. Akiandika "mwamba ambao haujaharibika", amesema juu ya hali tu, kana kwamba mwamba huharibika wenyewe kama maziwa yachachavyo. Akiandika "mwamba ambao haujaharibiwa", amemleta mtu: kitenzi cha kutendwa chauliza mara moja, na nani? Wala hilo silo kubwa. Kubwa ni silabi moja ndogo, -ja-. Asemaye "mgeni hajafika" amesema kwamba mgeni anangojwa. Asemaye "mwamba haujaharibiwa" amesema, atake asitake, kwamba uharibifu u njiani. Neno "bado" limejificha ndani ya kitenzi hata lisipotamkwa.

Mtu aweza kudhani huu ni upungufu wa lugha. Ukweli ni kinyume. Kile ambacho msimulizi wa Calypso alikiona kama sifa ya mahali, sarufi ya Kiswahili inakisema kama habari ya wakati, na habari hiyo ilikuwa sahihi. Mwaka 1965 Aldabra, jirani ya Assumption, ilitengwa na Shelisheli na kuwekwa katika koloni jipya la Uingereza, na mara mipango ya kujenga kiwanja cha ndege za kijeshi ikaanza. Wataalamu wa viumbe walipiga kelele, bunge likauliza maswali, na mwaka 1967, pauni ya Kiingereza iliposhuka thamani, mpango ukaachwa. Mwaka 1976 kisiwa kilirudishwa kwa Shelisheli, na mwaka 1982 kikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kobe wake, wakadiriwao kuwa 100,000 hivi, walinusurika. Lakini katika koloni hilo hilo wakazi wa visiwa vya Chagos, zaidi ya watu 1,000, walihamishwa kati ya miaka 1968 na 1973 ili Diego Garcia iwe kambi ya jeshi, na mwaka 2010 maji ya Chagos yalitangazwa kuwa hifadhi kwa sababu miamba yake ilikuwa safi mno. Mwaka 2015 mahakama ya usuluhishi iliamua kwamba Uingereza, kwa kutangaza hifadhi ile, ilikiuka wajibu wake kwa Morisi. Mwamba wa Chagos ni mzuri kweli. Uzuri wake, hata hivyo, umeandikwa kwa kuwafuta watu, na mwandishi wa safari akisifu upweke wa mahali kama hapo bila kutaja jambo hilo, ameshiriki katika kufuta.

Kisiwa kisicho na watu, basi, ni nini? Mvuvi wa Kojani aendaye dago analo jibu ambalo vitabu vya Cousteau havikulijua. Hufika na wenzake, hujenga vibanda vya makuti, huvua majuma au miezi, hukausha samaki, kisha pepo zikigeuka huondoka, na kisiwa hubaki kama hakikukanyagwa. Msafiri wa tanga afikaye mwezi wa pili yake ataandika kwamba kisiwa ni kitupu. Hakika ni kitupu kama shamba lilivyo tupu baada ya mavuno. Mfano wake ni ule fungu la mchanga na mwamba mashariki ya Dar es Salaam, ambalo ramani za Kiingereza zaliita Latham. Mabaharia wa Unguja huliita Fungu Kizimkazi. Jina la kwanza ni la mpita njia. La pili lataja kijiji, na kwa kulitaja, lasema ni nani huenda huko.

Katika maandishi ya kale ya Bahari ya Hindi, mwamba haukuwa mandhari. Ahmad ibn Majid, nahodha wa Kiarabu wa karne ya 15, aliandika nathari na mashairi juu ya njia za bahari, na mojawapo ya mashairi hayo ni juu ya njia ya Sofala. Kwake mwamba ni kitu cha kujulikana ili kisigongwe: u wapi, nyota gani yauonyesha, maji yana pima ngapi. Hakuna mahali panapokuwa pazuri kwa kuwa hapajajulikana. Uzuri, ukiwapo, ni wa kujua. Mtu asidhani kwamba nahodha yule alikuwa mtunzaji wa viumbe. Hakuwa, wala hakuhitaji kuwa. Ila sanaa yake haikumlazimisha awe wa kwanza, na kwa hiyo haikumlazimisha awasahau waliomtangulia. Ajivunia kuwataja na kuwakosoa. Sanaa ya Cousteau yataka msimulizi awe wa kwanza. Mambo mengi yaliyolaumiwa hapo juu yametokana na haja hiyo moja kuliko ukatili wa moyo.

Na kwa moyo wake Cousteau apewe haki yake. Mwaka 1960 alisimama dhidi ya serikali ya nchi yake ilipotaka kutupa taka zenye mnururisho katika Mediterania, na mpango ule ukasimamishwa. Mwaka 1973 aliunda chama cha kuilinda bahari. Alipokufa mwaka 1997, watu waliomlilia walimkumbuka kama mlinzi, wala hawakukosea. Ajabu ni kwamba kazi zake za baadaye, zenye maonyo na huzuni, hazina nguvu ya sinema ile ya kwanza yenye makosa. Katika zile za baadaye mafunzo hutangulia na macho hufuata. Katika ya mwaka 1956 macho hutangulia, na yaliyoonwa yanamshuhudia mwenye macho hata pale asipotaka. Mwanafunzi wa uhakiki atajifunza zaidi kwa kuitazama hii mara mbili kuliko kwa kuzitazama zile zote mara moja.

Imebaki hoja ya umbali. Aina hii ya maandishi huamini kwamba mwamba ukiwa mbali vya kutosha, umeokoka. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi ya magharibi yalipata joto kupita kiasi. Matumbawe yaligeuka meupe na kufa kwa wingi, Shelisheli na Chagos kama ilivyokuwa Mafia na Malindi, na mwaka 2016 joto likarudi, Aldabra nayo ikapata sehemu yake. Mwaka 2019 watu waliojitolea waliokota tani 25 za plastiki katika fukwe za Aldabra, na wataalamu wakakadiria kwamba zilizobaki ni tani 500 hivi. Nyingi zilikuwa nyavu na kamba za meli za uvuvi, lakini pamoja nazo zilikuwamo kandambili kwa maelfu, zilizochukuliwa na mikondo kutoka nchi za watu hata kisiwa kisicho na kijiji.

Mwandishi kijana wa Kiswahili atakaye kuandika safari ya tanga na mbizi hana sababu ya kuikataa raha ya Cousteau. Kushuka mwambani asubuhi ya maji mafu, kusi ikiwa imetulia, ni raha inayostahili nathari njema. Anazo mali ambazo Calypso haikuwa nazo: majina ya mafungu na milango ya bahari, kila jina na habari yake, majina ya samaki yaliyotolewa na wale wanaowala, habari za dago na za waliokufa maji, na hifadhi ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ambamo vijiji vimo ndani ya mipaka yake na ugomvi kati ya mvuvi na mlinzi husikika kila siku. Mwamba wa namna hiyo hauna upweke wa kusifiwa. Una watu wanaokatazana, wanaodaiana na wanaoibiana nyavu, na chini yao, pima nne au tano, chewa katika pango lake, ambaye jina lake mahali pale ni chewa.